iPhone 13 ya mtumba, iPhone 15 au iPhone 17 mpya: Apple imepunguza mwendo, wewe ununue ipi?

Mpwa wangu anauza vitenge na magauni kwa WhatsApp na Instagram. Simu yake imechoka: ikipigwa jua inazima, ikifika asilimia 30 inakata moto bila kuaga. Ameweka akiba kwa miezi kadhaa, na Jumapili alipokuja nyumbani alikuwa na swali moja. "Mjomba, nichukue 13 used nibaki na hela ya mzigo, au nijikaze hadi 17?"

Siku mbili baadaye tulikuwa Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, mbele ya kaunta ya kioo. Nilimwomba kijana wa duka atupangie simu tatu sambamba: iPhone 13 ya mwaka 2021, iPhone 15 ya 2023 na iPhone 17 ya 2025. Zote nyeusi, zote zimezimwa, kioo juu. Mpwa wangu alizitazama akashindwa kusema ipi ni ipi. Ilibidi azipindue aone kamera: kwenye 13 na 15 zimekaa mshazari, kwenye 17 zimepangwa wima. Ndipo akaijua 17.

Miaka minne iko kati ya ile ya kwanza na ile ya mwisho. Ndiyo maana naandika ulinganisho huu nikianza na kampuni kabla ya kufika kwenye simu, kwa sababu shida inayoisumbua Apple kule California inaamua moja kwa moja hela yako iende wapi hapa.

Miaka minne ya zamani na miaka minne ya sasa

iPhone ya kwanza ilionyeshwa San Francisco tarehe 9 Januari 2007. Haikuwa na 3G. Haikurekodi video. Haikuwa na kamera ya mbele, wala duka la programu, wala uwezo wa kunakili maneno ukayabandika kwingine. App Store ilikuja 2008, video na kunakili 2009, kamera ya mbele na kioo chenye maandishi makali 2010, Siri, msaidizi wa sauti, 2011. Aliyekuwa na simu ya 2007 mkononi na akaiona ya 2011 aliona kitu kingine kabisa.

Sasa chukua miaka minne kuanzia Septemba 2021 hadi Septemba 2025. iPhone 14 ilipotoka 2022 ilikuja na chipu ileile ya A15 iliyokuwa ndani ya 13, ikaongezewa kutuma ujumbe wa dharura kwa setilaiti, huduma ambayo haikufunguliwa kwa nchi yoyote ya Afrika Mashariki. iPhone 15 ilileta tundu la USB-C, na hilo lilitokana na sheria ya Umoja wa Ulaya iliyopitishwa 2022, iliyotaka simu zote zinazouzwa huko ziwe na tundu moja kufikia mwisho wa 2024. iPhone 17 ililetea toleo la kawaida kioo cha hezi 120 (kinachojichora upya mara 120 kwa sekunde), kitu ambacho Samsung iliweka kwenye Galaxy S20 mwaka 2020, na ambacho wanunuzi wa Tecno, Infinix na Redmi walikuwa wamekizoea zamani kwenye simu za bei ya chini sana.

Kwa nini kampuni yenye fedha nyingi hivyo inatembea polepole? Sababu ya kwanza iko kwenye hesabu zake. Katika mwaka wa fedha ulioishia Septemba 2024 Apple iliingiza takriban dola bilioni 391, na kati ya hizo bilioni 201 zilitoka kwenye iPhone peke yake. Chungu kimoja kinapolisha zaidi ya nusu ya nyumba, hakuna anayethubutu kukijaribia mapishi mapya. Kila toleo lazima lifanane na lililopita kiasi cha kutomtisha mteja, na litofautiane kiasi cha kumfanya afungue pochi.

Sababu ya pili ni kwamba majaribio yake makubwa ya nje ya simu yamekuwa magumu. AirPower, kile kibao cha kuchajia vifaa vitatu kwa mpigo, kilitangazwa 2017 kikafutwa 2019 bila kuuzwa hata kimoja. Mradi wa gari ulikula karibu miaka kumi ukazimwa 2024. Vision Pro, kifaa cha kuvaa usoni, kilianza kuuzwa Februari 2024 kwa dola 3,499, bei ambayo imekifanya kibaki mikononi mwa wachache. Fedha za utafiti hazikukosekana: mwaka huohuo wa 2024 Apple ilitumia zaidi ya dola bilioni 31 kwenye utafiti na uendelezaji.

Lakini niwape haki yao. Kwenye chipu, Apple haijalala. M1 ya mwaka 2020 ilibadilisha kompyuta zake, na A15 iliyo ndani ya iPhone 13 ilikuwa mbele ya wakati wake kiasi kwamba leo bado inafungua WhatsApp, Instagram na programu za benki bila kusuasua. Hapo ndipo Apple ilipojifunga yenyewe: ubunifu wake bora zaidi ndio unaomfanya mteja asione haja ya kubadilisha simu. Kampuni yenyewe iliwahi kukiri jambo la jinsi hiyo. Januari 2019 Tim Cook, akiwa mkuu wa Apple, aliwaandikia wawekezaji kwamba mapato yangekuwa chini ya makadirio, na moja ya sababu alizozitaja ni kwamba wateja walikuwa wakibadilisha betri kwa bei nafuu. Betri mpya tu, na watu wakaridhika na simu ya zamani. Ukishika hilo, umeshika nusu ya ulinganisho huu.

Akili mnemba isiyojua Kiswahili

Kitu kikubwa kilichotangazwa na iPhone 16, na kinachoendelea kutangazwa na 17, ni Apple Intelligence, akili mnemba ya Apple. Ilitangazwa Juni 2024, ikaanza kuwafikia watu Oktoba, na sehemu iliyosubiriwa kuliko zote, Siri inayokuelewa na kufanya kazi ndani ya programu zako, ikaahirishwa Machi 2025. Matangazo yalikuwa yameshapita, simu zilishauzwa.

Kwa msomaji wa Kiswahili kuna jambo zito kuliko kuchelewa. Lugha zilizoongezwa baada ya Kiingereza ni Kifaransa, Kijerumani, Kihispania, Kijapani, Kikorea, Kichina na nyingine, hadi Kidenmaki na Kinorwe. Kiswahili hakimo. Siri nayo haijui Kiswahili. Lugha inayozungumzwa Dar es Salaam, Mombasa, Bujumbura, Lubumbashi na mpaka Muscat haijapata nafasi, na mimi hilo linaniuma, kwa sababu mama yangu angeweza kuitumia simu kwa sauti kama ingemwelewa.

Kwa hiyo muuzaji akikwambia uongeze hela kwa ajili ya "AI", mwulize swali moja: itanijibu kwa Kiswahili? Zile akili mnemba zinazojibu kwa Kiswahili, kama ChatGPT na Gemini, ni programu unazopakua, na kazi yake hufanyika kwenye kompyuta za mbali, si ndani ya simu yako. Zinafanya kazi kwenye iPhone 13 sawasawa na kwenye 17. Kwenye kipengele hiki simu zote tatu ziko sawa, na hela yako ibaki mfukoni.

Zikiwa bega kwa bega

| | iPhone 13 | iPhone 15 | iPhone 17 |
|---|---|---|---|
| Ilitoka | Sept. 2021 | Sept. 2023 | Sept. 2025 |
| Kioo | inchi 6.1, hezi 60 | inchi 6.1, hezi 60 | inchi 6.3, hezi 120 |
| Kamera kuu | megapikseli 12 | megapikseli 48 | megapikseli 48 |
| Nafasi ya kuanzia | GB 128 | GB 128 | GB 256 |
| Tundu la chaja | Lightning (la zamani la Apple) | USB-C | USB-C |
| Video mfululizo, kwa kipimo cha Apple | saa 19 | saa 20 | saa 30 |
| Betri kubaki na asilimia 80 | mizunguko 500 | mizunguko 1,000 | mizunguko 1,000 |

Bei ya Marekani siku ya kutoka ilikuwa ileile kwa zote tatu: dola 799. Bei za Kariakoo au za Luthuli Avenue, Nairobi, sitaziandika, maana hupanda na kushuka na dola, na ukisoma haya mwezi ujao zitakuwa zimeshakudanganya. Nitakupa njia ya kuzipima baadaye kidogo.

Kioo tulikijaribu kwa kutoka nje ya duka saa sita mchana. Kwenye 13 mpwa wangu alilazimika kukikinga kwa kiganja ili asome ujumbe. 15 ilisomeka. 17 ilisomeka kama tuko ndani. Apple inasema mwanga wa juu kabisa wa nje ni niti (kipimo cha mwanga) 2,000 kwenye 15 na 3,000 kwenye 17. 13 kwa kawaida inaishia 800. Ukiwa na meza ya biashara barabarani, au unaendesha bodaboda ukifuata ramani, huu si urembo. Ukikaa ofisini, hutauona. Ile hezi 120 inafanya kurasa ziteleze laini zaidi unapopitisha kidole, na macho huizoea baada ya siku mbili. Baadaye ukirudi kwenye hezi 60 ndipo unapohisi kitu kinakwama.

Kamera ilikuwa hofu kubwa ya mpwa wangu, kwa kuwa biashara yake ni picha. Nilimfungulia kitenge kimoja juu ya kaunta akakipiga kwa simu zote tatu. Ukikuza picha mpaka uone nyuzi, 15 na 17 zinaishinda 13 waziwazi. Lakini Instagram huonyesha picha kwa upana wa pikseli 1,080, na WhatsApp huzibana zaidi ya hapo. Mteja wake wa Mbeya hataona zile nyuzi. Kitakachoonekana ni mwanga, na mwanga mzuri wa dirishani saa tatu asubuhi ni wa bure. Pale 17 ilipotushangaza ni kamera ya mbele: sensa yake ni ya mraba, kwa hiyo unaishika simu wima ukapata picha pana ya watu wengi, na kwa anayeuza mubashara kila jioni huo ni msaada wa kweli. Ni wazo dogo, lakini ni ubunifu. Laiti yangekuwa mengi.

Betri ndiyo umri halisi wa simu

Hapa nakaa, kwa sababu hapa ndipo watu wanapopigwa.

Mzunguko mmoja wa betri ni matumizi ya asilimia 100 kwa jumla. Ukitumia 60 leo na 40 kesho, umekamilisha mmoja. Apple inasema betri za 13 zimeundwa kubaki na asilimia 80 ya uwezo baada ya mizunguko 500 katika hali nzuri, na za 15 na kuendelea baada ya mizunguko 1,000. Mtu anayemaliza chaji kila siku hufika 500 ndani ya mwaka mmoja na nusu hivi. iPhone 13 ya mtumba iliyotumika tangu 2021 au 2022 imeshapita hapo kitambo.

Basi ukiiona 13 ya mtumba inasoma "100%" kwenye ukurasa wa betri, usifurahi haraka. Ama betri imebadilishwa, ama namba imechezewa. Nilijifunza hilo kwa hasara. Niliwahi kumnunulia dada yangu simu dukani mjini, betri asilimia 100, boksi lake, kila kitu kinang'aa. Mwezi wa pili ikaanza kuzima ikiwa na asilimia 40, na muuzaji akasema dhamana ya betri ilikuwa wiki mbili. Ningekuwa nimefungua Settings, kisha General, kisha About, ningekuta sehemu ya Parts and Service History. Hapo simu yenyewe, kuanzia iPhone 12, inakwambia kama betri, kioo au kamera imebadilishwa, na kama kifaa kilichowekwa si halisi inaandika Unknown Part. Ilikuwa imeandikwa. Sikuwa nimetazama.

Betri iliyobadilishwa si dhambi. Betri nzuri iliyowekwa na fundi anayeaminika inaweza kuipa 13 uhai mpya, na lile jambo la 2019 linathibitisha. Dhambi ni kuuziwa betri ya kopi kwa bei ya simu yenye betri ya kiwandani. Ukiamua kuchukua 13, hesabu gharama ya betri mpya ndani ya bei tangu mwanzo, halafu ulinganishe tena.

Kwenye 15 kuna ahueni nyingine: simu yenyewe inaonyesha idadi ya mizunguko. Kwenye ile tuliyoishika ilisomeka mizunguko 412 na afya asilimia 89. Namba mbili zinazoshabihiana namna hiyo zinanipa imani kuliko asilimia 100 iliyo peke yake. Ukiona mizunguko 900 na afya asilimia 100, irudishe kwenye kaunta.

Laini: swali ambalo muuzaji hataliuliza

Tangu iPhone 14, simu zinazouzwa Marekani hazina kijitundu cha laini. Ni eSIM tu, yaani laini ya kidijitali iliyomo ndani ya simu yenyewe. Kwa hiyo iPhone 15 iliyotoka Marekani haina pa kuweka laini, ilhali iliyotoka Uingereza inapo. Ilipokuja iPhone 17, Apple ikaongeza nchi kwenye orodha ya eSIM pekee, na safari hii zikaingia Falme za Kiarabu, Oman, Saudi Arabia, Qatar, Kuwait na Bahrain. Dubai ndiko simu nyingi za Kariakoo zinakopitia. Zile za Hong Kong zina laini mbili za plastiki. iPhone Air, ile nyembamba ya milimita 5.6, ni eSIM dunia nzima.

Je, eSIM ni mbaya? Hapana. Mitandao mikubwa ya Tanzania na Kenya inayo. Unakwenda duka la mtandao na kitambulisho, wanakuhamisha. Tatizo linakuja siku simu inapoanguka ikafa kioo saa mbili usiku, na una mteja anayesubiri umrudishie chenji kwa M-Pesa. Mwenye laini ya plastiki anaitoa kwa pini, anaiweka kwenye kitochi cha jirani (kama alihifadhi kile kifremu cha plastiki kilichokuja na laini, itakaa vizuri), na biashara inaendelea. Mwenye eSIM anasubiri duka lifunguliwe kesho. Kwa watu wetu simu ni benki, na benki isiyofunguka usiku mmoja inaweza kukukosesha mzigo.

Angalia ubavu wa kushoto wa simu. Kama huoni kijitundu cha pini, uliza bei ishuke au uondoke. Na kwenye ukurasa uleule wa About shuka hadi Carrier Lock. Iandike No SIM restrictions. Ikiandika kingine, simu imefungwa kwa mtandao wa nje na laini yako haitasoma.

Gawa bei kwa miaka

iOS 26, toleo la Septemba 2025 la mfumo unaoendesha iPhone, liliacha iPhone XR na XS, simu za 2018. Ina maana zilihudumiwa miaka saba. Apple haitangazi mapema tarehe ya mwisho, lakini kwa mwendo huohuo 13 ingefika karibu 2028, 15 karibu 2030, na 17 karibu 2032. Baada ya hapo simu haifi; programu za benki ndizo zinazoanza kukataa moja baada ya nyingine.

Chukua bei uliyoambiwa, ongeza betri kama itahitajika, gawa kwa miaka iliyobaki. Tuseme 13 unauziwa nusu ya bei ya 17. Inaonekana rahisi. Lakini ikiwa imebakiza miaka miwili au mitatu na 17 imebakiza karibu saba, kila mwaka wa 13 unakugharimu zaidi ya mwaka wa 17, na bado hujanunua betri. Rahisi ya kaunta imegeuka ghali ya nyumbani. Ili 13 ikulipe, bei yake lazima iwe kama theluthi ya 17 au chini yake, na itoke kwenye mkono unaoujua.

Hesabu hiyohiyo ndiyo inayoiweka 15 mahali pazuri. Ina tundu la USB-C, kwa hiyo waya wa chaja ni uleule wa Tecno ya mke, wa power bank na wa redio mpya, jambo linalohesabika siku umeme unapokatika na nyumba nzima inagombea chanzo kimoja. Ina betri ya mizunguko 1,000. Inasomeka juani. Na kwa sababu Apple imesogea hatua fupi kutoka 15 hadi 17, unachokikosa hasa ni kioo laini, saa za video za ziada na ile kamera ya mbele.

Vipi nikiacha iPhone kabisa?

Ni swali halali. Samsung kuanzia Galaxy S24 ya Januari 2024 inaahidi masasisho ya miaka saba, na Google iliahidi hivyohivyo kwa Pixel 8 mwaka 2023. Hao wanaahidi kwa maandishi, Apple inaonyesha kwa vitendo. Kwenye ubunifu wa umbo, Samsung ilianza kuuza simu za kukunja 2019. Anayetaka kuona kitu kipya mkononi atakiona huko kabla ya kukiona kwa Apple. Mpwa wangu anataka iPhone kwa sababu wateja na mafundi wake wameizoea na kwa sababu atakapoiuza atapata hela ya maana, na sikubishana naye.

Kabla hujatoa hela

Chochote utakachochagua, bonyeza *#06# upate IMEI, namba ya utambulisho wa simu, uilinganishe na iliyo kwenye About na kwenye boksi. Tanzania unaituma kwenda 15090 kujua kama ni halali. Mwaka 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, ilizima simu feki, na hutaki kuwa umebeba inayosubiri zamu. Tazama pia namba ya modeli: ikianza na M iliuzwa ikiwa mpya, ikianza na F imekarabatiwa na Apple yenyewe, ikianza na N ilitolewa kubadilishia simu mbovu. Kisha mwambie muuzaji aifute simu yote mbele yako na uiwashe upya. Ikiomba akaunti ya mtu mwingine, hiyo ni simu ya mtu mwingine. Risiti iandikwe IMEI na siku za dhamana kwa kalamu.

Nani achukue ipi

17 mpya inamfaa anayekaa na simu miaka mitano au sita, anayefanya kazi juani au kuuza mubashara, na ambaye hela hiyo haitoki kwenye mtaji. Atafute yenye kijitundu cha laini, hata kama itabidi asubiri mzigo wa nchi nyingine.

13 inamfaa mwanafunzi, au mzazi wa WhatsApp na simu za kawaida, ikiwa bei imeshuka kweli na betri imehesabiwa. Kama muuzaji anakutajia bei inayokaribia ya 15, usipoteze muda.

Wengine wote, nami nadhani ndio wengi, wachukue 15.

Mpwa wangu alichukua ile yenye mizunguko 412. Ilikuwa ya Uingereza, kijitundu kipo ubavuni. Tuliifuta na kuiwasha pale pale, IMEI ikajibu, kijana wa duka akaandika dhamana ya miezi mitatu kwenye risiti bila kulazimishwa. Mpwa wangu alichomoa laini kwenye simu yake ya zamani kwa pini ya hereni, akaitia kwenye mpya, akapiga namba ya M-Pesa aone salio. Hela iliyobaki tulivuka nayo barabara kwenda Mtaa wa Uhuru, akachukua doti sita za vitenge, na picha ya kwanza akaipiga hapohapo mlangoni mwa duka, kitenge kimemwangukia begani.